Kabla ya Kuuliza Nani Amevunja: Chama cha Wenye Nyumba na Ukarabati wa Mali ya Pamoja

Katika mitaa ya Marekani inayoendeshwa na vyama vya wenye nyumba, yaani vyama vya wamiliki wa nyumba za mtaa mmoja au jengo moja vinavyotoza ada na kusimamia mali ya pamoja kupitia bodi, ugomvi kuhusu kitu kilichoharibika huanza karibu kila mara na swali moja: nani amekiharibu? Geti limegongwa usiku na gari lisilojulikana, uzio umeangushwa na upepo, ukuta wa kuzuia udongo umepasuka, bomba limevuja katikati ya nyumba mbili zilizoungana, na kabla hata fundi hajaitwa, mkutano mzima umeshageuka baraza la kumsaka mkosaji. Nimehudhuria mikutano ya namna hiyo nikiwa mwanachama wa kawaida, na nimekaa pia upande wa pili wa meza nikiwa mjumbe wa bodi. Msimamo niliotoka nao huko ni kwamba swali hilo ni halali, lakini huulizwa mapema mno. Wajibu wa kutengeneza mali ya pamoja hauzaliwi na kosa la mtu fulani. Unazaliwa na umiliki na usimamizi wa mali yenyewe, na chama ndicho kilichokabidhiwa usimamizi huo. Mkosaji atafutwe, adaiwe, hata ashtakiwe ikibidi, lakini geti haliwezi kusubiri apatikane.

Kwa hiyo maswali ni matatu, na mpangilio wake una maana. La kwanza ni kitu hicho ni cha nani. La pili ni nani amepewa kazi ya kukitunza na kukikarabati, kwa kuwa mwenye mali na mwenye kazi hiyo si lazima wawe mtu mmoja. La tatu ni gharama itaishia mfukoni mwa nani. Watu wengi huruka moja kwa moja hadi la tatu, na kwa kuwa hilo ndilo gumu kuliko yote, hukwama hapo miezi kadhaa huku maji yakiendelea kuingia ukutani.

Majibu ya maswali mawili ya mwanzo yamo katika nyaraka ambazo kila mnunuzi hupewa wakati wa kununua nyumba, na ambazo wachache huzisoma. Hati kuu ni ile ya masharti ya mtaa, iliyosajiliwa katika ofisi ya kumbukumbu za ardhi ya kaunti, ambayo inafungamana na ardhi yenyewe na kumbana kila mmiliki anayekuja baadaye. Pamoja nayo kuna ramani ya mtaa au ya jengo, inayoonyesha mipaka ya kila nyumba na ya maeneo ya pamoja, na kanuni za uendeshaji wa chama. Katika mtaa wa nyumba zinazosimama peke yake, kwa kawaida chama chenyewe ndicho mmiliki wa maeneo ya pamoja: njia za ndani, bustani, bwawa la kuogelea, taa, geti. Katika jengo la ghorofa ambalo kila mtu amenunua makazi yake humo, hali ni tofauti, kwa sababu paa, kuta za nje, nguzo na ngazi humilikiwa na wenye nyumba wote kwa hisa zisizogawanyika, na chama huvisimamia kwa niaba yao. Kwa suala la ukarabati tofauti hiyo haibadilishi mengi, lakini hueleza kwa nini mtu wa ghorofa ya kwanza analipia paa ambalo halimfuniki moja kwa moja.

Juu ya nyaraka hizo ipo sheria ya jimbo, na kila jimbo lina yake. Sheria ya California inasema kwamba, isipokuwa hati ya masharti ikielekeza vingine, chama ndicho chenye jukumu la kutunza, kukarabati na kubadilisha maeneo ya pamoja. Sheria ya Florida kuhusu majengo ya aina hiyo nayo inaweka matunzo ya sehemu za pamoja mikononi mwa chama. Yale maneno "isipokuwa hati ikielekeza vingine" ndiyo yanayopaswa kumfanya mwenye nyumba afungue hati yake kabla ya kuandika barua ya ukali, maana zipo hati zinazomtwika mwenye nyumba paa la nyumba yake, uzio wa nyuma ya kiwanja, au sehemu ya bomba la maji taka inayotoka kwake hadi kwenye bomba kuu. Aidha, si kila kinachoonekana cha mtaa ni cha chama. Barabara iliyokabidhiwa kwa serikali ya jiji ni ya jiji, na shimo lililomo ni la jiji, hata kama lipo hatua chache kutoka kwenye geti lenye jina la mtaa.

Sehemu inayoleta mabishano mengi kuliko zote ni ile iliyo katikati: mali ambayo ni ya pamoja kwa umiliki, lakini imetengwa kwa matumizi ya nyumba moja tu. Roshani ni mfano mzuri. Ni mimi pekee ninayeweza kuweka kiti pale, hakuna jirani anayepita, na kwa hiyo ni rahisi kuamini kwamba ni yangu. Lakini boriti zinazoibeba zimetokeza kutoka kwenye mwili wa jengo, na jengo ni la wote. Kuanzia Januari 1, 2017, sheria ya California iligawa kazi hiyo waziwazi kwa vyama ambavyo hati zao hazisemi vingine: mwenye nyumba hutunza eneo lililotengwa kwa ajili yake, maana yake hulisafisha, huzibua tundu la kupitisha maji na mambo ya namna hiyo, na chama hulikarabati au kulibadilisha linapochakaa. Mpaka kati ya kutunza na kukarabati hauonekani kwa urahisi katika kila jambo, na mawakili wanajipatia riziki hapo, lakini angalau mtu anajua aanzie wapi.

Roshani hizohizo ndizo zilizoleta sheria kali zaidi. Tarehe 16 Juni 2015, roshani ya jengo la makazi katika mji wa Berkeley ilikatika wakati wa sherehe ya vijana, wakafa watu 6. Boriti zake za mbao zilikuwa zimeoza kwa maji yaliyopenya bila mtu kuyaona. Jengo lile lilikuwa la wapangaji na halikuwa la chama cha wenye nyumba, lakini bunge la California lilielewa kwamba mbao haziozi kwa kufuata aina ya hati, na mwaka 2019 likapitisha sheria inayovitaka vyama vyenye majengo ya makazi matatu au zaidi kukagua roshani, ngazi na njia za nje zinazobebwa na mbao, zilizo juu ya ardhi kwa zaidi ya futi 6. Ukaguzi hufanywa na mhandisi wa majengo au msanifu mwenye leseni, hurudiwa kila baada ya miaka 9, na wa kwanza ulitakiwa uwe umekamilika kufikia Januari 1, 2025. Mtaalamu akiona hatari ya haraka, chama hakina nafasi ya kujadili. Kinapaswa kuwazuia watu wasiikanyage hadi itengenezwe. Naitaja sheria hii kwa kirefu kwa sababu inaonyesha kwamba wajibu wa kukarabati unaanza kabla kitu hakijavunjika. Chama kinachongoja malalamiko ndipo kiamke kimeshachelewa katika sehemu ya kwanza ya kazi yake, ambayo ni kujua hali ya mali kinayoisimamia.

Mabomba na nyaya ni fumbo jingine. Kanuni ya jumla katika hati nyingi ni kwamba kinachohudumia nyumba moja tu ni cha nyumba hiyo, na kinachohudumia zaidi ya moja ni cha pamoja, lakini baadhi ya hati huchora mstari kwenye uso wa ukuta, kiasi kwamba bomba lililo nyuma ya plasta ni la chama hata kama linapeleka maji jikoni kwa mtu mmoja. Kuanzia Januari 1, 2025, California iliongeza sharti kwamba huduma ya gesi, maji, umeme au upashaji joto ikikatika kwa sababu ya hitilafu iliyoanzia katika eneo la pamoja, chama kianze taratibu za matengenezo ndani ya siku 14, hata kama hitilafu hiyo inaendelea hadi ndani ya nyumba ya mtu, isipokuwa pale hati ya masharti inapoelekeza vingine. Sheria hiyo inaruhusu pia bodi ikope fedha kwa kazi hiyo ikiwa akiba haitoshi. Siku 14 ni nyingi kwa mtu asiye na maji, lakini kabla ya hapo hapakuwa na kikomo chochote kilichoandikwa.

Sasa turudi kwa aliyevunja. Tuseme lori la taka limerudi nyuma na kung'oa nguzo ya geti. Wanachama wengi watasema bodi isitumie hata senti, kwa kuwa kampuni ya lori ndiyo yenye kosa na bima yake ndiyo italipa. Naelewa hasira hiyo, na kuhusu gharama wana haki. Lakini geti limelala chini, nyaya zake za umeme zimechomoza, na mtoto anaweza kuzigusa kesho asubuhi. Chama kina wajibu wa kuondoa hatari mara moja, kupiga picha, kuhifadhi vipande vilivyovunjika, kupata makadirio ya mafundi, na kutengeneza. Madai dhidi ya kampuni ya lori yanaendelea sambamba, na risiti za matengenezo ndizo zitakazokuwa ushahidi wake. Hata mkataba wa bima wa chama chenyewe humtaka mwenye bima achukue hatua za kuzuia hasara isiongezeke. Chama kilichoacha dirisha la ukumbi likiwa wazi kwa wiki tatu kikingoja barua ya mkosaji hakitalipwa kwa urahisi gharama ya sakafu iliyovimba kwa mvua.

Upo pia upande wa dhima kwa watu. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya California iliamua kesi iliyohusu chama cha Village Green cha Los Angeles. Mwanachama mmoja alikuwa ameomba taa ziongezwe nje baada ya matukio ya wizi, hakupata jibu la maana, akafunga taa zake mwenyewe, na bodi ikamwamuru aziondoe kwa sababu zilikiuka kanuni za mtaa. Kwa namna zilivyounganishwa, hakuweza kuzizima bila kuzima pia taa nyingine za nje, na usiku huohuo wa giza alishambuliwa ndani ya nyumba yake. Mahakama ilisema kwamba chama kinaweza kuwajibishwa kwa hali ya maeneo ya pamoja kama vile mwenye jengo anavyowajibika kwa wapangaji wake. Hukumu hiyo ilihusu taa ambazo hazikuwapo, lakini mantiki yake inagusa pia taa zilizoungua, ngazi yenye ubao uliolegea, na lile geti la lori la taka.

Ikiwa aliyevunja ni mwanachama mwenyewe, au mgeni wake, au mpangaji wake, utaratibu ni uleule kwa upande wa ukarabati: chama hutengeneza, kisha hudai kurudishiwa. Hapa bodi nyingi hufanya papara. Haziwezi kumtumia mtu ankara ya uzio na kuiita faini. Katika California mwanachama lazima apewe taarifa ya maandishi angalau siku 10 kabla ya kikao, apewe nafasi ya kujieleza mbele ya bodi, na ajulishwe uamuzi kwa maandishi. Tofauti ya faini na marejesho ina uzito mkubwa kuliko inavyoonekana: deni la kurejesha gharama za uharibifu linaweza, kama hati ya masharti inaruhusu, kuifanya nyumba ya mdaiwa iwe dhamana yake, hata nyumba hiyo ikauzwa ili kulilipa, ilhali faini ya kukiuka kanuni haiwezi kufikishwa huko. Bodi inayochanganya mambo hayo mawili inajitafutia kushindwa mahakamani.

Kuna swali ambalo wanachama huliuliza baada ya kukubali kwamba kazi ni ya chama: je, chama kinalazimika kutengeneza kwa namna ninayotaka mimi? Jibu kwa kawaida ni hapana, na msingi wake ni kesi maarufu ya mwaka 1999, ya Lamden dhidi ya chama cha La Jolla Shores huko San Diego. Jengo lilikuwa na mchwa. Mwenye nyumba alitaka jengo zima lifukizwe dawa. Bodi, baada ya kupata ushauri wa wataalamu na kupima gharama pamoja na usumbufu wa kuwahamisha watu wote, iliamua kutibu sehemu zilizoathirika tu. Mahakama ya Juu ya California ilisema kwamba bodi ikiwa imefanya uchunguzi wa kutosha, kwa nia njema na kwa kuangalia maslahi ya chama kizima, na uamuzi wake ukawa ndani ya mamlaka iliyopewa, majaji hawataingia kuweka uamuzi wao mahali pake. Wanachama wengi huichukia hukumu hii. Mimi naiona ni ya busara, kwa sababu wajumbe wa bodi ni watu wanaojitolea jioni baada ya kazi zao, na kama kila chaguo lao la rangi ya bomba lingeweza kufikishwa kwa jaji, hakuna mtu mwenye akili timamu angekubali kuchaguliwa.

Hata hivyo, kinga hiyo ina sharti ambalo bodi zenyewe hupenda kulisahau: lazima kuwe na uamuzi. Mwaka 2010 mahakama ya rufani ya California iliamua kesi ya chama cha Portofino Cove, ambako maji machafu yalikuwa yakirudi mara kwa mara katika nyumba ya wanandoa mmoja kwa sababu mabomba makuu ya pamoja hayakuwa yakisafishwa ipasavyo. Chama kilijificha nyuma ya hukumu ya Lamden. Mahakama ilikataa, ikieleza kwamba heshima hutolewa kwa bodi iliyochunguza na kuamua, na haitolewi kwa bodi iliyokaa kimya. Nikiulizwa ni nini kinachoilinda bodi kuliko kitu kingine, nitasema ni muhtasari wa kikao unaoonyesha kwamba suala lililetwa, ripoti ya mtaalamu ilisomwa, njia mbalimbali zilipimwa na kura ikapigwa. Bodi iliyochagua njia ya bei nafuu kwa sababu zilizoandikwa iko salama zaidi kuliko bodi iliyokusudia njia ya gharama kubwa na haikuwahi kuianza.

Nimesogeza suala la fedha hadi hapa kwa makusudi, na sasa halikwepeki, kwa sababu chama hakina fedha yoyote isiyotoka kwa wanachama. Anayesema "chama kilipe" anasema "sisi tulipe", na hilo halipunguzi wajibu hata kidogo, bali linaeleza kwa nini wajibu huo huahirishwa. Ada ya kila mwezi hugawanywa sehemu mbili: uendeshaji wa kawaida, na mfuko wa akiba kwa ajili ya vitu vikubwa vinavyojulikana kwamba vitachakaa, kama paa, lami, mabomba na lifti. California inataka uchunguzi wa akiba ufanywe kwa kukagua mali kwa macho angalau mara moja kila miaka 3, na bodi iupitie kila mwaka. Lakini kuchunguza akiba si kuijaza. Ada ya chini huwafurahisha wanunuzi na huwapa wajumbe wa bodi kura, na anayekuja kulipa ni yule atakayekuwa na nyumba siku paa litakapokubali kushindwa. Akiba ikipungua, chama hutoza mchango maalumu. Katika jimbo hilo bodi inaweza kupandisha ada hadi asilimia 20 kwa mwaka bila kura ya wanachama, na kutoza michango maalumu isiyozidi asilimia 5 ya bajeti ya matumizi ya mwaka. Kupita hapo lazima wanachama wapige kura, isipokuwa katika dharura kama vile amri ya mahakama au hatari kwa usalama wa watu.

Kila ninapomsikia mtu akisema kwamba ukarabati usogezwe hadi mwaka ujao, nafikiria jengo la Champlain Towers South la mji wa Surfside, Florida. Lilikuwa na ghorofa 12, lilikamilika mwaka 1981, na sehemu yake kubwa iliporomoka usiku wa manane wa Juni 24, 2021, wakafa watu 98. Mwaka 2018 mhandisi aliyeajiriwa na chama alikuwa ameandika kwamba tabaka la kuzuia maji chini ya eneo la bwawa la kuogelea lilikuwa limeshindwa kazi, kwamba sakafu ile ilijengwa bila mteremko wa kutosha ili maji yatiririke, na kwamba zege lililokuwa chini yake lilikuwa na madhara makubwa. Hakuandika kwamba jengo lilikuwa karibu kuanguka. Kilichofuata ni kile kinachofuata katika vyama vingi: mabishano juu ya ukubwa wa kazi, wajumbe kadhaa wa bodi kujiuzulu mwaka 2019, makadirio kupanda, akiba isiyofika hata dola milioni 1 mbele ya kazi ya takriban dola milioni 15. Mchango maalumu wa kiasi hicho ulipitishwa Aprili 2021, na kwa nyumba moja moja ulianzia karibu dola 80,000 na kupita dola 300,000 kwa zile kubwa. Malipo yalitarajiwa kuanza Julai 1. Jengo lilianguka wiki moja kabla.

Si haki kusema kwamba ucheleweshaji peke yake ndio ulioliangusha. Wachunguzi wa taasisi ya taifa ya viwango, NIST, wameeleza kwamba sakafu ya eneo la bwawa haikuwa na nguvu iliyotakiwa tangu ilipobuniwa na kujengwa, na dalili nyingi zinaonyesha kwamba ndiyo iliyoanza kushindwa. Lakini miaka mitatu kati ya ripoti na maporomoko ilikuwa nafasi, na ilitumika kubishana kuhusu nani alipe kiasi gani. Bunge la Florida lilijibu mwaka 2022 kwa kuyataka majengo ya namna hiyo yenye ghorofa tatu au zaidi yakaguliwe na mhandisi au msanifu yanapofikisha miaka 30, kisha kila baada ya miaka 10, na kwa kuvitaka vyama vifanye uchunguzi maalumu wa akiba ya sehemu zinazobeba jengo. Zamani wanachama wa Florida waliweza kupiga kura kila mwaka kuacha kuchangia akiba, na wengi walipiga kura hiyo kwa furaha. Kwa sehemu zinazobeba jengo, ruhusa hiyo imeondolewa katika bajeti zilizopitishwa kuanzia mwisho wa mwaka 2024. Matokeo yake ni ada zilizopanda ghafla na wazee wa kipato kisichobadilika kulazimika kuuza makazi yao, na mwaka 2025 sheria ikalegezwa kidogo ili chama kiweze kutimiza akiba hiyo kwa mkopo kama wanachama wengi wameridhia. Nawahurumia kwa dhati. Hata hivyo deni hilo halikuletwa na sheria mpya. Lilikuwepo ndani ya zege miaka yote hiyo bila kuandikwa popote.

Mwanachama anayeona ukarabati umekwama hushawishika kufanya jambo moja ambalo ningemsihi asilifanye, nalo ni kuzuia ada yake hadi chama kitimize wajibu. Mahakama za California zimeshakataa hoja hiyo waziwazi: ada ndiyo damu ya chama, na kosa la bodi halimpi mtu ruhusa ya kuikata. Atakayezuia ada atajikuta na riba, gharama za wakili na dhamana juu ya nyumba yake, huku bomba likiendelea kuvuja. Njia yenye nguvu ni ya karatasi. Aandike kwa bodi na kwa kampuni ya usimamizi, ataje kifungu cha hati ya masharti kinachoweka jukumu, aambatishe picha zenye tarehe, na aombe jambo hilo liwekwe katika ajenda ya kikao kijacho. Aombe pia kuona muhtasari wa vikao vilivyopita, uchunguzi wa akiba na mikataba ya wakandarasi; sheria inampa haki hiyo, na mara nyingi kitu anachokitafuta kimo katika ripoti ya miaka minne iliyopita iliyopokelewa na kuwekwa kabatini. Kama hapati jibu, California inampa utaratibu wa usuluhishi wa ndani, ambao hautozwi ada na chama hakiwezi kuukataa mwanachama akiuomba, na baada ya hapo zipo mahakama za madai madogo na wakili. Nimeona barua moja iliyotaja kifungu ikifanya kazi ambayo mikutano kadhaa ya kelele ilishindwa kuifanya.

Yapo mambo mawili kuhusu bima ambayo watu huyagundua wakati usio mzuri. Bima kuu ya chama hufunika jengo na maeneo ya pamoja, lakini ina kiasi cha kwanza cha hasara ambacho mwenye bima hujilipia mwenyewe, na katika majimbo yenye vimbunga kiasi hicho huhesabiwa kwa asilimia ya thamani ya mali, kwa hiyo kinaweza kufikia mamia ya maelfu ya dola na kugawanywa kwa wanachama wote. Bima ya mwenye nyumba binafsi huwa na kipengele kinacholipia sehemu yake katika mgawanyo wa namna hiyo, ila kiwango cha kawaida katika mikataba mingi ni dola 1,000 tu, na kukiongeza kwa kawaida hakugharimu fedha nyingi kwa mwaka. Kipengele hicho hulipa pale tu uharibifu unapotokana na janga linalofunikwa na bima, kama moto au upepo. Paa lililozeeka halimo.

Jambo la pili ni kuhama. Kazi ya chama ikihitaji nyumba yako iwe tupu kwa wiki kadhaa, sheria ya California inasema wazi kwamba gharama ya malazi ya muda ni ya mwenye nyumba, hata kama bomba lililopasuka ni la pamoja na chama ndicho kinacholitengeneza. Bima binafsi inaweza kulipia malazi hayo kama chanzo cha uharibifu kimo katika mkataba, na wakala wa bima anaweza kujibu swali hilo kwa simu moja, ilimradi aulizwe kabla ukuta haujabomolewa.